Msoma Kope

Niko hai. Nianze na hilo, kwa sababu humu chumbani hakuna mwingine anayelijua, na hata mimi nimelijua kwa kuchelewa, baada ya kumsikia Bwana Faki akiuliza kama sanda imeshakatwa.

Sanda ya nani? Nilijiuliza hivyo kwa dhati. Nikadhani jirani fulani amefariki na mimi nimepitiwa na usingizi wakati watu wananihitaji, nikaona aibu kweli kweli, maana katika miaka ishirini na minane ya kazi yangu sijawahi kuchelewa kitandani kwa mtu. Nikataka kuinuka. Mwili haukuitika. Nikataka kusema "jamani, naja," ulimi ukabaki umelala palepale. Nikataka walau kufumbua macho nione ni nani wako chumbani, nikagundua kwamba kope zangu zimeshuka na hazipandi. Hapo moyo ulinilipuka. Kope. Zangu mimi! Zangu mimi Machano, msoma kope wa mji huu!

Mji wetu hauna jina. Waliojaribu kuupa jina walilisahau kabla ya kulimaliza. Saa zake hazisikilizani: kwa wauza chumvi inaweza kuwa asubuhi wakati kwa wahunzi, hatua mia mbili mbele, ni alasiri ya juzi, na mtu anayetaka kuikwepa siku mbaya huhamia mtaa wa pili mpaka ipite. Tumezoea. Wapo waliozeeka kabla ya wazazi wao na hakuna anayewashangaa. Kiumbe kimoja tu hapa kwetu hakikosei saa, nacho ni nyoka.

Wenye kujua husema kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani, na kwamba huko humwita karaiti. Sisi tulimwita Mgeni, kwa kuwa huingia bila hodi. Ni mweusi wa kung'aa, weusi unaoelekea ubuluu, na mwili wake umezungushwa pete nyembamba nyeupe, nyingi zikienda mbili mbili, ambazo huanza mbali kidogo na kichwa na kuonekana vizuri zaidi kadiri unavyoelekea mkiani. Kichwa ni kidogo, hakipishani sana na shingo. Macho ni ya mviringo, meusi tii, huwezi kujua anatazama wapi. Katikati ya mgongo ana safu ya magamba makubwa kuliko ya ubavuni, kila gamba na pembe sita, kana kwamba fundi alianza na uti wa mgongo kisha akachoka. Mchana ni bwege kabisa. Ukimkuta chini ya rundo la matofali au ndani ya shimo la panya, hujikunja akawa donge, akakificha kichwa chini ya mwili wake mwenyewe, na unaweza kumsukuma kwa fimbo asikujibu. Jua likishazama huwa mwingine. Hula panya, mijusi na vyura, na anachokipenda zaidi ni nyoka wenzake, hata wa ukoo wake. Mvua zikinyesha huwafuata panya majumbani, akajilaza ubavuni mwa mtu mkekani, na mtu akijigeuza, anauma.

Na anapouma hauumii. Hili ndilo lililonifanya nimheshimu miaka yote hii, na sasa ndilo linalonitia kichaa. Nyoka wengine wana adabu ya ugomvi: mmoja hupuliza, mwingine hutanua shingo, wa tatu hukuachia maumivu ya kukuamsha wewe na majirani. Huyu meno yake ni mafupi, na alama anayoacha hata mbu angeweza kuidai kuwa yake. Unaendelea kulala. Asubuhi unaamka na tumbo linakukata, unalaumu chakula cha jana. Nimefikiri sana juu ya mamlaka katika maisha yangu, nikiwa nayo kidogo, na naona sasa kwamba ile yenye makelele watu huijua na kuikimbia. Ile isiyouma tunalala nayo mkeka mmoja.

Jana, kama ilikuwa jana, niliamka na tumbo linanikata. Nikalaumu maharage.

Sasa sikilizeni kazi yangu, muone nilivyo. Kwa desturi ya mji huu, mtu aliyeumwa na Mgeni hazikwi mpaka asomwe. Msoma kope huketi upande wa kichwa, humwita mgonjwa kwa jina mara tatu na kumwambia afumbue macho. Kope zikipanda, yupo. Zisipopanda, msomaji hutamka neno moja, "Ameridhia," na mtu huyo anaoshwa na kuzikwa kabla jua la siku hiyo halijazama mtaani alipo. Tuliamini kwamba kope ndizo mlango wa mwisho, kwamba mtu haziachii mpaka awe amekubali kuondoka. Ni imani nzuri, ina heshima ndani yake. Niliirithi kwa baba yangu, na kwa sauti yangu niliwasoma watu arobaini na mmoja, na wote walikuwa wameridhia.

Kope si mlango wa mwisho. Ni wa kwanza! Sumu ya yule nyoka huanza na kope. Naijua njia yake sasa, imepita ndani yangu hatua kwa hatua: kope zikashuka, kisha nikashindwa kumeza mate, kisha shingo, kisha mikono, kisha miguu, na kila kilipozimika kimoja, masikio yalizidi kuwa makali. Namsikia mjusi ukutani. Namsikia Bwana Faki akikuna ndevu. Kichwa changu hakijawahi kuwa safi namna hii. Tuliisoma dalili ya kwanza tukaiita ya mwisho. Watu arobaini na mmoja. Ee Mungu wangu, arobaini na mmoja walilala kama nilivyolala, wakanisikia nikiingia, wakanisikia nikikohoa na kuketi, wakasikia majina yao, wakaitika kwa nguvu zote walizonazo ndani kule kusiko na ulimi, na mimi nikasema wameridhia.

Mmoja wao ni Kidawa, mke wangu.

"Raya mwanangu," sauti ya Bwana Faki ikasema juu yangu. Bwana Faki ndiye mkuu wa mji, na ni rafiki yangu wa siku nyingi. "Sisi hatuna haraka na mtu. Lakini jua unaliona. Msome baba yako tumsitiri."

Kumbe Raya yupo! Mwanangu wa pekee, ambaye hajakanyaga nyumba yangu kwa miaka kumi na mmoja, tangu siku ya mazishi ya mama yake. Usomaji hurithiwa, na mrithi wangu ni yeye, lakini aliukataa, akaenda kujifunza uhunzi akiwa mwanamke pekee katika mtaa ule, na aliponiaga aliniambia kwamba heri kupiga chuma, chuma hakidanganyiki. Nilimwona mtovu wa adabu. Sasa maisha yangu yote yamesimama juu ya neno moja kinywani mwake.

"Sijamsoma, ami," akajibu.

"Basi msome."

"Nitamsomea kwangu, karakanani."

"Karakanani kuna nini?"

"Kwa wahunzi bado ni juzi. Jua la leo litafika huko keshokutwa. Sheria inasema azikwe kabla jua halijazama katika mtaa alipo."

Bwana Faki akacheka puani. "Hizo hila, mwanangu."

"Si hila, ami. Sheria mliiandika nyinyi wawili, wewe na baba. Nisaidieni kumbeba."

Nikabebwa. Nilipita mitaa na nyakati nikiwa nimefumba macho: harufu ya chumvi na ubaridi wa asubuhi, kisha joto la adhuhuri usoni, kisha moshi wa mkaa na alasiri ya juzi. Jambo la ajabu likanijia pale. Juzi nilikuwa bado sijaumwa. Juzi, saa kama hiyo, nilikuwa nimeketi barazani kwangu nikitafuna karafuu na kuwasengenya watu, mzima kama kigogo. Kwa hiyo mtaa wa pili kulikuwa na Machano mwingine, mwenye sauti na cheo, na hapa karakanani mwenzake hawezi kumeza mate. Yupi kati yao ni mimi? Yule aliye na mdomo hakuwa na lolote la maana la kusema. Huyu aliye na la kusema hana mdomo. Ningeweza ningetuma mtu ambane shingo yule wa barazani amwambie alale juu ya kitanda na ashushe chandarua, lakini yule mzee ni mbishi, asingesikia la mtu.

Mara pumzi ikaanza kunipotea. Haikukatika ghafla. Kila iliyoingia ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, na kifua kikawa kizito, kizito, mpaka kikatulia. Nilikuwa nazama katika chumba kikavu.

Nikahisi mdomo wangu ukifunguliwa na kitu cha kijani, chenye utomvu, kikipenyezwa kooni. Bua la jani la mpapai. Pua zikazibwa kwa nta. Kisha nikasikia sauti ambayo kila mtu wa mji huu anaijua, ule mhemo wa mivukuto ya mhunzi, viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, kimoja kikishuka kingine kikipanda, vinavyopuliza moto mpaka chuma kinakuwa chekundu. Safari hii havikupuliza moto. Upepo ukaniingia, wenye ladha ya majivu, na kifua changu kikainuka bila ruhusa yangu.

"Huyo mbuzi wangu mliyemcheka," Raya alikuwa akisema, sijui akimwambia Bwana Faki au akiniambia mimi. "Aliumwa na Mgeni, kope zikashuka, akaacha kupumua. Nikampulizia hivi hivi siku mbili, bila kulala. Mkasema nimerukwa na akili. Siku ya tatu akasimama akala majani."

"Mbuzi si mtu," akasema Bwana Faki.

"Ndiyo, ami. Mbuzi hakuwa na wa kumsoma."

Sijui ilikuwa muda gani. Upepo ukiingia, upepo ukitoka. Raya akipuliza, akipumzika pumzi mbili, akipuliza. Katika kuingia na kutoka huko nilianza kulegea katika nafsi yangu, na wengine wakaniingia. Nikawa yule muuza mikeka niliyemsoma mwaka wa kwanza wa kazi yangu, nikasikia watu wakigawana mikeka. Nikawa bibi arusi, hina haijakauka. Nikawa Kidawa. Nimelala kitandani mwetu, upande wangu wa ukutani, na namsikia mume wangu anakuja. Namjua kwa kikohozi chake. Najua atanitambua; mtu ambaye amelala nami miaka ishirini atajua tu kwamba nipo. Anaketi. Ananiita, Kidawa. Nipo! Ananiita mara ya pili, Kidawa, kwa ile sauti ya kazini, sauti anayowaitia watu baki. Nipo, Machano, nipo, nishike mkono. Kisha kimya. Mara ya tatu haiji. Sauti imemkwama, na watu wanamhurumia, wanasema basi inatosha, msimtese, na yeye anashukuru kwa kuhurumiwa, anatamka neno. Sikumwita mara ya tatu. Kwa wageni wote nilitimiza, kwa mke wangu nikapunguza.

Raya ndiye aliyemwosha mama yake. Alitoka chumbani mikono ikimchuruzika maji, akanivuta kando na kuniambia, "Baba, mama ametoa chozi." Nilimjibu kwamba ni maji ya kuoshea. Hakurudia tena kusema, na mimi sikumuuliza tena, na hivyo ndivyo tulivyoishi.

Nani alinipa mimi ruhusa ya kusema huyu yupo na huyu hayupo? Baba yangu. Na yeye nani alimpa? Tunakuta kiti, tunakalia, na watu wakituona tumekaa wanadhani tunajua kitu. Sikuwa mtu mbaya. Nililia pamoja na wafiwa, na machozi yalikuwa ya kweli. Nashtuka kuona kwamba hilo halisaidii chochote. Sumu ya nyoka huyu nayo haina chuki ndani yake.

Jua la jana lilipofika kwa wahunzi, Bwana Faki akarudi, peke yake. Nilimsikia akivuta kigoda na kuketi. Sauti yake haikuwa ya mkuu wa mji tena.

"Raya, nakuomba. Acha."

"Moyo wake unapiga, ami. Njoo uguse."

"Sitaki kugusa. Nisikilize. Huyu akisimama, watu watauliza. Kila nyumba itauliza. Mimi nilimzika mwanangu Shaame, ana miaka kumi na tisa, nilimshusha kaburini kwa mikono hii. Nikamwekea udongo. Ukimwinua huyu mzee, mimi Shaame nitamweka wapi? Niambie, mwanangu. Nitalalaje?"

Mivukuto ikaendelea.

"Tamka neno moja tu," Bwana Faki akasema, na nikajua analia. "Baba yako afe na heshima yake, na sisi tubaki na wafu wetu."

"Toka nje, ami. Tafadhali."

Akatoka, lakini hakwenda mbali. Kigoda kililia nje ya mlango.

Ilikuwa baada ya hapo, asubuhi au jioni sijui, ndipo kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliponirudia. Kilianza kwa kuwasha. Sijawahi kupenda kitu duniani kama nilivyoupenda ule muwasho. Nikakiamuru, nacho kikaitika, kidogo, kwa unene wa ukucha tu.

Mivukuto ikasita, ikaendelea. Alikuwa amekiona.

"Baba," Raya akasema. Alikuwa amesogea karibu, pumzi yake iko shavuni mwangu, na mikono yake haikuacha kazi. "Usitikise tena. Subiri. Labda ni mshtuko wa misuli tu, hata chura aliyekufa hurusha mguu. Nataka kukuuliza jambo kwanza." "Mama alikuwa anasikia? Lile halikuwa chozi? Kama alikuwa anasikia, tikisa."

Upepo ukaingia, ukatoka.

"Kama hakuwa anasikia, tulia. Ukitulia nitajua desturi ni kweli, kwamba mtu akishafika hapo ulipo hayupo tena, na kwamba nimekuwa nikipuliza maiti siku zote hizi. Nitatamka neno, ami Faki aende nyumbani akalale."

Mwanangu! Umejifunza wapi ukatili huu? Angeuliza lingine lolote ningetikisa kwa furaha. Lakini nikitikisa sasa, nimemwambia kwa kidole changu kwamba mama yake alikuwa hai mikononi mwake, akioshwa, akifungwa sanda, akishushwa, na kwamba alilia na baba akasema ni maji. Nikitulia, nakufa, na nakufa nikiwa Machano yule yule, msoma kope aliyeheshimiwa, na mtoto wangu anabaki na mama aliyelala kwa amani. Ningeweza hata kuiita huruma. Nilishaanza kuiita hivyo. Maneno mazuri yalinijia haraka mno, yakiwa yamevaa na kujipamba, na kwa haraka yao nikayatambua: ndiyo yale yale niliyokuwa nikiwaambia wafiwa.

Na palikuwa na hofu. Niseme wazi, nilitaka kuishi. Sijui ni kipi kilichosogeza kidole, ukweli au woga, na sidhani kama nitapata kujua.

Nilitikisa. Mara moja, kisha nyingine, kisha ya tatu.

Mivukuto ikasimama.

Viriba vilijikunja vikatoa mlio mdogo. Kifua changu kilishuka na hakikupanda. Nilimsikia mwanangu akiinuka, akagonga fuawe, kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. Kisha ikamtoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na nilishasikia vilio vyote vya mji huu. Nilisubiri. Sikumlaumu. Nilijua ana haki, na bado kila sehemu ya mwili wangu ilimpigia kelele arudi.

Akarudi. Upepo ukaniingia kwa nguvu mpaka mbavu zikauma.

"Mama," akasema, akasukuma. Jina lilikuja pamoja na pumzi. "Mama. Kidawa binti Mcha." Akasukuma tena. "Hufi. Usidhani utakufa. Utasimama, utakwenda nyumba hata nyumba, utawaambia kwa mdomo wako." Akasukuma. "Shaame."

Nje, kigoda kikaanguka. Mlango ukafunguliwa, na nikazitambua hatua za Bwana Faki. Nilidhani amekuja kuling'oa bua kooni mwangu, na katika hali ile asingezuiwa na mtu.

"Umechoka," akamwambia Raya. "Nipe upande mmoja."

Upande mmoja wa mivukuto ukabadilika mwendo, ukawa mzito na wa kutoizoea kazi. Pumzi iliyofuata ilikuwa yake.

"Apumue vizuri," akasema, kwa sauti kavu. "Siku atakayofungua mdomo, mtu wa kwanza ni mimi. Nataka aniambie mwanangu alisikia nini mara ya mwisho."

Nakumbuka. Ningependa kusema sikumbuki, lakini nakumbuka. Nilimwita Shaame mara tatu, nikatamka neno, nikajipangusa magoti, na nikiwa bado nimesimama juu ya kichwa chake nikawauliza wanawake wa jikoni kama wali umeiva.